Nyumba ya Karibu na Barabara

Mwezi uliopita lori la ndizi lilipinduka kwenye kona iliyo juu ya shamba la marehemu baba yangu. Hakuna aliyekufa, Mungu ashukuriwe. Dereva alitokea dirishani akiwa amekwaruzwa kipaji cha uso, akakaa kando ya lami ameshika kichwa, na watu wakamletea maji ya kunywa. Mimi nilisikia kishindo nikiwa kwangu, nikachukua fimbo yangu nikaenda kutazama kama wengine. Nilipokaribia ndipo harufu ikanipata, ndizi mbichi zilizopondeka na utomvu wake, imechanganyika na mafuta ya lori. Nikakaa kwenye nyasi, mwanamke wa umri wangu, miguu nimeinyoosha mbele kama mtoto. Kijana mmoja akaja mbio akaniuliza, "Nyanya, umeumia wapi?" Nikamwambia mimi sikuwa ndani ya lori. Akanitazama kwa mashaka, akaenda kumwita mwenzake.

Wiki iliyotangulia tulikuwa tumemzika Kemunto, ndugu yangu wa baba mmoja. Kwa hiyo watu waliponiona nimekaa pale machozi yananitoka walidhani wanajua ninachokililia. Hawakujua. Ninyi mliozaliwa siku zangu nitawaambia bila kuzunguka. Harufu ile haikunikumbusha huzuni kwanza. Ilinikumbusha wivu.

Boma letu lilikuwa na nyumba mbili. Ya mama yangu ilikuwa chini, ndani ya migomba, mahali ambapo jua lilifika likiwa limechoka. Ya mama mdogo, Kwamboka, mke wa pili wa Tata, baba yangu, ilikuwa juu, karibu na barabara, mlango wake ukitazama magari. Magari yenyewe yalikuwa machache. Barabara ilikuwa ya udongo mwekundu, na Tata alikuwa mmoja wa wanaume walioitwa na chifu kuichimba. Kila mvua ikiisha waliitwa tena kuziba mashimo. Alinung'unika kila alipoitwa, jembe begani, lakini wageni wakija kwetu aliwaonyesha akasema, "Hii ni barabara yangu." Kiangazi ilikuwa vumbi tupu. Masika iliteleza hata mbuzi akaiogopa, na malori yalifungwa minyororo kwenye magurudumu ili yapande.

Siku ya soko lilipita lori la Mhindi mmoja wa mjini Kisii likichukua ndizi na mahindi. Wanawake walipakia mikungu yao, kisha wakapanda juu yake wakaketi, vichwa vimefungwa vitambaa, na lori likaondoka nao. Dereva alikuwa mtu wa upande wa ziwani, mpole, ambaye hakujua lugha yetu. Alitusalimia kwa Kiswahili, nasi watoto tukamjibu kwa maneno machache tuliyofundishwa shuleni, tukayarudia hayo hayo mpaka alipoondoka.

Kwa kuwa ndizi za kila mtu zilipakiwa pamoja, kila mwanamke alikuwa na fundo lake. Alifunga kamba ya mgomba kwenye kikonyo cha mkungu kwa namna yake mwenyewe, na wote walijua hili la fulani, lile la fulani. Fundo la mama lilizungushwa, likarudishwa nyuma, ncha ikachomekwa ndani isionekane. Mimi nilijaribu mara nyingi kulifunga, likafunguka. Dada yangu Kemunto alilifunga huku anaongea na mtu mwingine.

Kemunto huyu, si yule tuliyemzika, alikuwa dada yangu wa tumbo moja, mzaliwa wa kwanza wa mama, ndiyo maana watu walimwita mama yangu Mama Kemunto. Baada yake kulikuwa na wawili ambao hawakuishi, kisha mimi. Alikuwa amefika umri wa watu kuja kumuulizia uchumba, na wazee wa upande wa Marani walikuwa wameshakuja mara moja kunywa uji na kuzungumza mambo ya mvua. Mguu wa mama ulipovimba, Kemunto ndiye aliyetumwa sokoni badala yake, na hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanza.

Alipanda lori lile. Alirudi jioni akiwa na harufu ya petroli kwenye leso yake, harufu ambayo niliiona tamu kuliko asali. Tukimenya ndizi za chakula alinisimulia. Kwamba ukiwa juu ya lori unaona kilima cha Nyanchwa chote, na kanisa lake. Kwamba wanawake wa ziwani walikuwa sokoni na samaki wakavu waliopangwa vizuri, na mmoja alimgusa shavu akamwita mzuri. Kwamba alikunywa chai yenye sukari ndani ya kikombe cha bati na akala mkate. Nikamuuliza mkate una ladha gani. Akafikiri, akasema, "Ni laini. Utakula siku moja." Roho iliniuma hadi nikaacha kumenya. Nikamwambia mama na mimi nataka kwenda.

"Na kuku watachungwa na nani?" mama akauliza.

"Kemunto alipokuwa mdogo nani aliwachunga?"

"Yeye mwenyewe. Ndiyo maana leo anapanda lori."

Nilinuna siku nzima. Kemunto, ambaye hakujua kununa, alinifunika ile leso mabegani. Ilikuwa ya manjano, pindo jekundu, Tata aliileta kutoka mjini mwaka ambao wimbi, ile nafaka ya uji, lilikubali sana shambani. "Nikiolewa nitakuachia," akasema. "Kule nitapewa nyingine." Mama alikuwepo, alisikia. Naomba mkumbuke hilo, kwamba mama alisikia.

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua. Ilikuwa imenyesha usiku kucha, na asubuhi ukungu ulikaa juu ya migomba. Nilikuwa nimekasirika kama kawaida ya siku ya soko, kwa hiyo sikupanda kwenda kuona lori linapakiwa. Nilikaa na kuku wangu. Nililisikia likinguruma, likanyamaza kupakia mikungu yetu, likanguruma tena kuishukia kona. Halafu sauti ikawa si ya kawaida, ikavutwa, ikakatika. Kilichofuata nilikiona kabla sijakielewa. Mikungu ya ndizi ilikuwa inashuka kwenye shamba letu. Ilibingiria katikati ya wimbi, mmoja ukagonga mgomba ukasimama, mwingine ukafika hadi uani kwetu, mbele ya miguu yangu. Nikafurahi. Ndiyo, nilifurahi, nilikuwa mtoto. Nilifikiri lori limekataa kwenda sokoni, Kemunto atashuka ashinde nyumbani kama mimi.

Mama akatoka ndani akichechemea. Aliinama juu ya mkungu ule uliofika uani, akashika kikonyo, akaligusa fundo kwa kidole. Lilikuwa lake. Aliacha mguu wake mbovu ufanye utakavyo akapanda mlima akikimbia, na mimi nyuma yake. Alikuwa ameitambua ndizi yake kabla hajafika kumtambua mtoto wake.

Sitasimulia niliyoyaona kule juu. Lori lilikuwa ubavuni na gurudumu moja bado linazunguka. Wanawake wengine walikuwa wamekaa kwenye matope wakishikana. Dereva alikuwa anatembea huku na huku akisema kwa Kiswahili, "Mama zangu, nisameheni, mama zangu." Wanaume walimbeba Kemunto wakashuka naye, na Tata alitembea nyuma yao kwenye nyasi za pembeni. Tangu siku hiyo mpaka alipokufa mzee yule hakukanyaga tena barabara aliyoichimba. Alikwenda kokote alikokwenda akipita pembeni, kwenye nyasi, hata kiangazi, hata watu walipomcheka.

Leso ilirudi nyumbani. Mama hakuifua. Aliikunja akaiweka chini ya kichwa chake, na nyumba nzima ikanuka petroli na utomvu. Alikuwa mama wa kutwanga huku anaimba nyimbo za kanisa, akawa mama wa kukaa. Nikipika nilikula peke yangu. Nilingoja anione. Nilifikiri, sasa nimebaki mimi tu, bila shaka atanitazama.

Wimbi lilipovunwa mama mdogo alijifungua. Alikuwa mtoto wake wa kwanza, wa kike. Nanyi mnajua desturi ya kwetu, mtu akiondoka jina lake halilali chini, linapewa mtoto anayefuata kuzaliwa. Wazee wakakaa, wakasema hakuna la kujadili. Mtoto akaitwa Kemunto. Wanawake walipanda na kushuka wakiambiana mlangoni, "Kemunto amerudi, Kemunto amerudi." Jirani mmoja alinipita mbio akanipapasa kichwa akaniambia, "Dada yako amerudi, nenda ukamwone."

Mimi nikaamini. Kwa nini nisiamini, watu wazima walikuwa wanalia kwa furaha. Nilikwenda nikachungulia, nikaona kitu chekundu kimekunja ngumi, nikafikiri safari imemchosha sana. Lakini jambo moja halikuniingia akilini. Kama ni Kemunto, mbona yuko kwa Kwamboka? Nyumba yake anaijua. Mama yake anamjua. Nilitembea na swali hilo mpaka nikalipatia jibu mwenyewe, nikiwa nachunga kuku. Alifia barabarani. Aliporudi alikuja kwa barabara. Alikuwa amechoka, akaingia nyumba ya kwanza aliyoiona, na nyumba ya kwanza ilikuwa ya mama mdogo. Ya kwetu ilikuwa imefichwa na migomba. Nikaichukia migomba ile. Nikamwambia Tata aikate, akaniuliza tutakula nini.

Mama akaamka kitandani. Kila asubuhi aliosha uso akapanda kwa Kwamboka, yeye ambaye awali hata moto hakuomba kule. Alimwogesha mtoto, akamkanda kwa siagi, akamwimbia zile nyimbo. Maziwa ya ng'ombe wetu yalipanda juu. Mimi nilibaki chini na jiwe la kusagia. Nilitaka nyimbo zile, si kitu kingine. Siku moja nikamkuta njiani anashuka na mtoto mgongoni, na kilichomshika mtoto mgongoni ni leso ya manjano yenye pindo jekundu, imefuliwa.

"Hiyo si ni yangu?" nikasema.

"Ni ya Kemunto."

"Kemunto alisema ataniachia. Wewe ulisikia."

Mama akageuka ili mtoto awe upande wangu. "Si huyu hapa. Muulize."

Hakuwa anatania. Basi nikamuuliza. Nilisimama kwenye ncha za vidole nikaweka mdomo karibu na sikio lake nikamuuliza, "Unanijua?" Akanyonya ngumi yake akanitazama kama mtu anavyoutazama ukuta. Nikamuuliza kuhusu mkate, kuhusu kilima cha Nyanchwa. Akapiga chafya. Mama akacheka, na kicheko hicho, cha kwanza tangu lori, hakikuwa changu. Wenzangu, nimewahi kuonea watu wivu baadaye, nimeonea waliosoma na walioolewa vizuri, lakini haukufika hapo. Nilimwonea wivu mtu ambaye hakuwa hata na meno.

Mambo hayo yalikatika kwa neno la mpita njia. Asubuhi moja mama alikuwa uani kwa Kwamboka na mtoto mgongoni, mimi nikiwa nimeleta maziwa. Mwanamke mmoja alipita barabarani na kapu lake, akaita kama watu wanavyoita wakipita, "Mama Kemunto, upo?"

"Nipo," akajibu mama.

"Nipo," akajibu Kwamboka, kwa wakati ule ule, kutoka ndani.

Yule wa barabarani akakaza mwendo. Kwamboka akatoka, mikono ina unga. Alikuwa mdogo bado, simlaumu leo, alikuwa hajazidi sana umri aliokufa nao Kemunto. "Dada," akamwambia mama, "jina nimekupa. Mtoto sijakupa." Akalifungua fundo la leso kifuani pa mama, akamchukua mtoto wake, akaikunja leso vizuri, pembe juu ya pembe, akamrudishia kwa mikono miwili.

Tukashuka na mama. Niwaambie nilivyojisikia? Nilikuwa naruka moyoni. Mama yangu alikuwa amerudi nyumbani, nyumba ya chini, kwangu. Nikawasha moto, nikapika, nikampakulia. Akakaa na leso magotini. Hakula. Kesho yake vivyo hivyo, na kesho yake tena. Nilijaribu kuimba mimi zile nyimbo, nikazisahau katikati, naye hakunikumbusha. Alikuwa akitazama mlango, na mimi nilikuwa nimekaa kati yake na mlango, na bado alikuwa anatazama mlango. Niliogopa. Nilianza kuona kwamba mtu anaweza kufa akiwa amekaa. Nikaanza, mimi mwenyewe, kutamani kitoto kile kilie kule juu tukisikie.

Palizi ilipoanza Kwamboka alishuka. Hakuingia. Alisimama uani, mtoto ubavuni, akazungumza akitazama kuku.

"Nina palizi, na mtoto hana mlezi. Nipe huyu Bosibori wako anishikie."

Kwetu mtoto alilelewa na msichana mdogo wa boma, ndivyo ilivyokuwa, na msichana mdogo wa boma nilikuwa mimi. Lakini binti za dada yake Kwamboka walikuwepo ng'ambo ya bonde, wengi, hawana kazi. Angeweza kumwita yeyote. Nilikuwa mtoto lakini hilo nililiona. Mama naye aliliona, kwa sababu aliinuka. Alikuja nyuma yangu akanitupia leso begani, akaninyoosha mgongo kwa kiganja, akampokea mtoto kutoka kwa Kwamboka, akanifunga naye. Alilikaza lile fundo lake, lililozungushwa na kurudishwa nyuma, ncha imechomekwa ndani.

"Usimkimbize," akasema Kwamboka. "Na jua likiwa kali umlete huku chini, kuna kivuli cha migomba."

Hivyo ndivyo nilivyopata leso yangu. Niliipata ikiwa na Kemunto ndani. Alikuwa mzito, aliloa, alinivuta nywele. Kila siku nilipanda kumchukua, na jua lilipokuwa kali nilishuka naye, na kila siku mama alikuwa amesimama mlangoni ananingoja. Nilikuwa namwona kwa mbali uso wake unavyofunguka. Nikifika alinyoosha mikono, na mikono ilipita juu ya bega langu ikaenda nyuma. Kisha angeanza kuimba, na mimi nilikaa chini karibu na miguu yake nikasikiliza, kwa kuwa wimbo hauna mipaka, ukiimbiwa mwingine na wewe unausikia.

Kemunto mdogo alikua akawa mtu wangu wa karibu kuliko wote, hilo liandikwe. Nilimfundisha kumenya ndizi, na nikampeleka mjini kula mkate mimi mwenyewe. Ni laini, nilimwambia, na ulikuwa laini. Lakini mpaka tumezeeka, alipomwita mama yangu mama, wivu ule ule uliamka. Siku tuliyomzika mama, yeye ndiye aliyelia kuliko mimi, na watu wakamshika yeye. Hata hilo nililiona.

Sasa na yeye ameondoka, kwa ugonjwa wa sukari, kitandani kwake. Siku chache baada ya lile lori la juzi, mjukuu wangu, ambaye amerudi kukaa nami, alijifungua mtoto wa kike. Wazee wakasema hakuna la kujadili. Nilimpokea mtoto nikamleta usoni nikasema jina lake polepole, na siwezi kuwadanganya wenzangu, nilichohisi ni ushindi. Miaka yote hiyo, hatimaye amekuja nyumba yetu. Nilikuwa nimekwishaamua kwamba hakuna atakayemwogesha ila mimi.

Juzi wakaja watu wa upande wa marehemu kumwona mtoto. Miongoni mwao kulikuwa na kijukuu chake Kemunto, kisichana chenye pengo mbele, kile alichokuwa akilala nacho mpaka mwisho. Wengine waliingia wakaketi wakanywa chai. Yeye alisimama mlangoni, mdomo ameuvuta. Nilimwita akaja nusu ya njia. Akamtazama mtoto kwa muda mrefu.

"Ananijua?" akaniuliza.

"Bado."

"Mama alisema nyanya amerudi." Akasogea hatua moja. "Mbona hakuja kwetu?"

Watu wazima wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nilitazama nje, nikaona lami, na kona ile kule, na magari ya majani chai yanashuka taratibu. Nikamwambia, "Nyumba yangu iko karibu na barabara. Alikuwa amechoka."

Akafikiri. Akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyepewa sababu ya kweli. Nikasogea kwenye benchi nikampa nafasi, nikamnyoosha mgongo kwa kiganja, nikampakatisha mtoto. Akamshika vizuri, viwiko vimekaza, hakupumua. Mkono wangu mmoja, chini ya mtoto, sikuuondoa.